Mji wa Kitendawili

1.

"Bibi! Kuna mgeni."

Tunu aliingia jikoni mbio, kidole mdomoni. Mwantumu akaepua chungu, akajifuta mikono kwenye kanga, akatoka kumpokea huyo mgeni.

Mgeni alikuwa amesimama chini ya dirisha, viatu mkononi kwa ajili ya tope, sare ya uuguzi imekunjwa ndani ya mfuko wa nailoni. Alikuwa Sikudhani, binti wa Mwantumu.

Mama yake Tunu.


2.

Mgeni.


3.

Usimhukumu mapema, wewe unayesoma. Sikudhani hakumtupa mtoto. Kazi yake iko mjini Tanga, wodi ya wazazi. Anapokea watoto wa wenzake, wa kwake anapokelewa na bibi.

Tena mjini si mbali. Ukipanda kilima cha michungwa siku ya anga safi, unauona mnara wa simu wa mjini ukikonyeza taa yake. Lakini barabara ya kutoka Kwakibuyu hadi kwenye lami, mvua ikinyesha, ni ugali. Basi ni moja, linaondoka likijisikia, linarudi likipenda, na zamu ya hospitali haingoji basi. Kwa hiyo Sikudhani amepanga chumba mjini. Nyumbani anakuja mwisho wa mwezi, akipata ruhusa. Asipopata, haji.

Na reli je? Reli ipo. Inapita nyuma ya choo cha Mwantumu. Treni ya mizigo inapiga honi, kuku wanatawanyika, vikombe vinacheza kabatini, imekwenda. Kwakibuyu haijawahi kusimama.

Siku ile ya mgeni, Mwantumu alimshika Tunu mabega akamgeuza. "Mama yako huyo. Msalimie."

Mtoto akasalimia vizuri, kwa adabu, kama anavyosalimia wageni.


4.

TANGAZO

YAH: MKUTANO WA KUPOKEA MAONI YA WANANCHI KUHUSU HUDUMA YA USAFIRI WA RELI KWA ABIRIA WA VIUNGA VYA JIJI

Wananchi wote wa kijiji cha Kwakibuyu mnatangaziwa kwamba wataalamu wa Ofisi ya Mradi watafika kijijini kupokea maoni yenu kuhusu huduma tajwa hapo juu. Mnaombwa kuhudhuria bila kukosa.

Wenu katika ujenzi wa taifa,
Z. Kaniki
Mtendaji wa Kijiji


5. (Bombani, ndoo zikiwa kwenye foleni)

– Umeliona tangazo?

– Nimeliona. Treni ya viungo.

– Viungo gani?

– Viungo! Iliki, pilipili manga, mdalasini. Treni ya kubebea viungo.

– Kha! Sasa sisi huku viungo tunavitoa wapi? Sisi watu wa machungwa.

– Ndiyo nakwambia. Mkutano huo ni wa wale wa milimani, wenye iliki yao. Wamekosea kijiji.

– Basi tuwaache wenyewe wakutane.

– Dada, ndoo yako imejaa, unamwagia watu miguu.


6.

Viti vya mkutano vilikuwa vya plastiki, vimeazimwa kwa watu wa harusi, vimepangwa safu kwa safu mbele ya ofisi ya kijiji.

Waliokaa:

Mtendaji Kaniki, kwa kuwa ndiyo kazi yake.

Mzee mmoja aliyedhani ni harusi.

Mwantumu, aliyefuata mhuri wa cheti cha kuzaliwa cha Tunu.

Kuku.

Mhandisi wa mradi aliitwa Anselmi Rwehumbiza, Mhaya, kijana mrefu mwenye kofia ngumu ya njano. Alifika kwa kiberenge, kile kigari cha mafundi wa reli, akashuka, akaona viti, akatazama nyuma kana kwamba watu huenda wamejificha. Hata hivyo akasimama akasoma karatasi yake. "Huduma inayokusudiwa itaunganisha jiji na viunga vyake kwa kuzingatia mahitaji ya..."

"Baba," akasema Mwantumu kutoka kwenye kiti chake, "hebu iweke hiyo karatasi. Niambie kama unamwambia mama yako."

Mhandisi akavua kofia.

"Ni treni ya watu, bibi. Asubuhi inawapeleka mjini. Jioni inawarudisha."

"Jioni ya siku gani?"

"Ya siku hiyohiyo."

"Anayefanya kazi mjini anakwenda na kurudi? Analala kwake?"

"Analala kwake."

"Siku hiyohiyo."

"Siku hiyohiyo, bibi."

Yule mzee akauliza kama pilau bado. Mwantumu akamshika mkono kumtuliza, macho yasimtoke mhandisi.

"Na hapa Kwakibuyu itasimama?"

Mhandisi alitazama viti vitupu. Akamtazama kuku aliyekuwa amepanda kiti cha mbele.

"Hilo, bibi, linategemea mwitikio wa wananchi."


7.

TANGAZO LA PILI

Kufuatia mkutano uliofanyika, mwitikio umeonekana kuwa hafifu. Wataalamu watarudi mara moja tu, nayo ni ya mwisho. Kijiji kitakachobainika kutokuwa na uhitaji, treni itapita bila kusimama.

Aidha, wenye mabanda ndani ya hifadhi ya reli wataonyeshwa kwa alama.


8. Alama

X


9.

Mimi ndiye Mama Nyange. Naona mmeshaanza kumpenda Mwantumu na mimi hamjanisikia. Kaeni.

Genge lile pembeni ya reli nimelisimamisha kwa mikono yangu, wakati mume wangu yuko kwa huyo mwanamke wake. Machungwa, mihogo ya kukaanga, chai ya tangawizi. Mwenye njaa anakula, mwenye shida anaketi analia, nampa na kitambaa. Wakaja vijana wawili na ndoo ya rangi nyekundu. "Mama, uko ndani ya hifadhi ya reli." Nikawaambia, reli ndiyo iliyo ndani ya genge langu. Hawakucheka. Wakapiga X kwenye ubao wangu, kubwa, kama mwalimu anayekosesha hesabu.

Haya. Na shoga yangu Mwantumu, niliyemnywesha uji mwanawe akiwa na surua, shoga yangu wa kufa na kuzikana, anapita nyumba kwa nyumba kuisifia treni.

Niambieni ninyi, kama mna midomo.


10.

Ni kweli. Alipita nyumba kwa nyumba.

Kwanza alianzia na lile neno. "Si viungo, ni viunga," akawaambia. Wakamwuliza viunga ni nini. Akafikiri, akaona lile neno haliliki hata ulitie nazi. Akaliacha hapohapo njiani. Kuanzia mlango wa pili akaiita treni ya kulala kwako.

"Ukaende kazini, urudi, ulale kwako. Ndiyo hiyo."

Watu wakaielewa. Kuielewa si kuitaka.

Mlango wa mwenye mbuzi: "Itatuulia mbuzi." "Mbuzi wako huchinjwa kila Idi, mbona Idi hujaifukuza?"

Mlango wa mwalimu mstaafu: "Mwantumu, ahadi za namna hii nimezisikia tangu sijaota ndevu." "Na wewe mwalimu uliahidi kuoa tangu hujaota ndevu. Si uliishia kuoa?" Mke wa mwalimu akacheka huko ndani mpaka akakohoa. Mwalimu hakucheka.

Mlango wa mwenye bodaboda: "Unataka nife njaa?" "Watu wakishuka kwenye treni watafika kwao kwa mabawa?" Huyo akaanza kuifuta pikipiki yake.

Mlango mmoja haukufunguliwa. Mwantumu aliongea na mlango. Aliusimulia yote, mwanzo hadi mwisho, akauaga.

Kwa Mama Nyange hakupiga hodi. Hakuweza. Alipita kwa mbali, na Mama Nyange akamgeuzia mgongo makusudi ili asome kanga mpya:

ULIYEMKARIBISHA NDIYE ATAKAYEKUHAMISHA

Kesho yake Mwantumu akafungua sanduku, akatafuta ya kwake, akaivaa, akapita palepale polepole:

NISEMENI, NJIA NAIJUA

Kijiji kizima kikasoma. Kwetu kanga zikishaongea, midomo hungoja.


11. (Ujumbe wa sauti kwenye simu ya Mwantumu, anausikiliza sikioni, amefumba macho)

"Mama, shikamoo. Nimesikia habari zako mpaka huku. Kuna muuguzi mwenzangu wa kijiji cha jirani, anasema eti bibi mmoja wa Kwakibuyu anagombana na mbuzi kwa ajili ya treni. Nikasema huyo ni mama yangu. Nikajivuna, Mama.

Leo nimezalisha pacha. Wa pili alinishika kidole akagoma kuachia, mpaka tukacheka wote. Sasa nilivyokuwa namtoa kile kidole... Mama, huyu Tunu akiniona ananiambia 'karibu'. Ananiletea kiti. Mama, mwanangu ananiletea kiti.

Usichoke. Ukisikia wanakukatisha tamaa, usichoke. Na Tunu mwambie... basi usimwambie. Nitamwambia mwenyewe siku niki"


12.

Hapo simu ilizima.


13.

Ijumaa Mwantumu hubadilisha mashuka. Kwanza kitanda cha kwake, wanacholalia na Tunu. Halafu cha chumba cha pili, cha Sikudhani.

Alikuwa ameshatandaza shuka, anapitisha kiganja kulinyoosha, mkono ukasimama katikati.

Shuka alilotoa lilikuwa safi. Alilotandika lilikuwa safi. Ijumaa iliyopita vivyo hivyo, na nyingine kabla yake. Anafua shuka lisilolaliwa.

Utotoni Mwantumu alisoma hadi la saba, na katika hayo yote kitu alichokijua kuliko wenzake kilikuwa kutega vitendawili. Akakaa kwenye ukingo wa kile kitanda, midomo ikitembea yenyewe.

Kitanda kimetandikwa

mwenyewe yu hai

hayuko mbali

na


14. Mkutano wa pili

Walikuja. Safari hii viti havikutosha, watu wakaketi kwenye mizizi, kwenye matofali, kwenye ndoo. Mhandisi Rwehumbiza alifurahi mpaka alipoyaona mabango. Mama Nyange ndiye aliyewaleta. Bango lake mwenyewe lilikuwa na ile X tu, ameichora kwa mkaa.

Walikuja kupinga. Lakini kuja ni kuja.

Mhandisi akaanza. Wakamzomea. Akaanza tena. Mtendaji Kaniki akapiga meza, wakaizomea meza. Mtu akapaza sauti, "Genge la Mama Nyange kwanza!" Mwingine, "Mbuzi!" Mwingine, "Rudini na treni yenu!" Mhandisi akaanza kukunja ramani.

Akiikunja hiyo ramani, yamekwisha. Mwantumu alilijua hilo. Alisimama bila kuomba ruhusa, akajifunga kanga kiunoni, akapiga kelele kwa sauti ya kuitia watoto wakati wa magharibi:

"Kitendawili!"

Vichwa vikageuka.

Halafu mkutano mzima, hata wenye mabango, kwa kuwa mdomo una mazoea yake:

"TEGA!"

"Siwategei ninyi. Namtegea mgeni."

Watu wakageuka kumtazama mhandisi. Akatabasamu kwa mashaka. "Tega, bibi."

"Kitanda kimetandikwa. Mwenyewe yu hai, hayuko mbali, hajagombana na mtu. Hakilalii."

"Mlinzi," akasema mhandisi.

"Mlinzi halali? Muulize aliyeibiwa."

Kicheko cha kwanza cha siku hiyo.

"Popo."

"Popo ametandikiwa na nani?"

"Mwezi, bibi. Mchana haupo kitandani."

"Mwezi unalala uchi mawinguni. Umeshindwa?"

"Nimeshindwa."

"Basi nipe mji."

Kama hukukulia kwenye vitendawili, elewa hapa: aliyeshindwa hulipa mji. Mtegaji hupokea, hutembea ndani yake kwa maneno, ndipo atoe jibu. Bila mji hakuna jibu, na mji ukishapokelewa haurudishwi. Ni sheria ya zamani kuliko ofisi ya kijiji.

Mhandisi alijua mchezo. Na kwao upo.

"Chukua Bukoba."

"Bukoba nitafika lini, baba, na mtoto wa kulea?"

"Chukua Dodoma."

"Ina wenyewe."

"Chukua Arusha basi!"

"Baridi ile, na kifua changu hiki?"

Sasa watu walikuwa wanajipiga mapaja kwa kucheka. Mhandisi naye alikuwa anacheka, anajifuta jasho kwa ramani, hana mji tena kichwani. Akaona kibao cha kijiji mbele yake, akakinyooshea kidole.

"Haya! Chukua Kwakibuyu!"

Alikuwa anatania.

Mwantumu akafumba kiganja hewani, kama aliyedaka kitu.

"Nimepokea."

Vicheko vikakatika kimoja kimoja. Watu walianza kuelewa kabla mhandisi hajaelewa.

"Nimepokea Kwakibuyu," akasema Mwantumu, na sauti yake sasa ilikuwa ya chini. "Nikaingia nyumba ya kwanza, nikakuta kitanda kimetandikwa. Cha nani? Cha Sikudhani, yuko mjini. Nikaingia kwa mwalimu, nikakuta kitanda kimetandikwa. Cha binti yake, anauza katika duka la dawa mjini. Nikaingia kwa mwenye mbuzi, kitanda. Mwanawe ni kuli bandarini. Nikaingia nyumba ambayo hawakunifungulia, nikachungulia dirishani, kitanda. Nikaingia kwa..."

Akasita. Alikuwa amefika mbele ya Mama Nyange.

Mama Nyange alishikilia bango lake kwa mikono miwili. Hakuna aliyemwuliza kitu.

"Viwili," akasema. "Kwangu viwili."


15.

MUHTASARI WA MKUTANO (sehemu)

Agenda ya 3: Maoni ya wananchi

3.1 Wananchi walitoa maoni kwa pamoja. Hayakusikika.
3.2 Bi Mwantumu alitega.
3.3 Mhandisi alijibu mara tatu, akashindwa.
3.4 Mhandisi aliombwa mji. Alitoa Bukoba, Dodoma na Arusha. Zilikataliwa kwa sababu za umbali, umiliki na afya.
3.5 Mhandisi alitoa Kwakibuyu. Ilipokelewa.
3.6 Baadhi ya wananchi walilia.
3.7 Hakukuwa na mengineyo. Mkutano ulifungwa kwa vigelegele.

AZIMIO: Kijiji kimepewa Kwakibuyu kwa ajili ya treni kusimama.

Umethibitishwa kuwa ni sahihi,
Z. Kaniki (mhuri)


16.

Ofisi ya Mradi
Kwa Mtendaji wa Kijiji, Kwakibuyu

YAH: UFAFANUZI KUHUSU MJI

Rejea muhtasari wako. Ofisi imeusoma kwa makini, imeurudia kuusoma, na inapenda kufafanua kwamba haijamgawia mtu, kikundi wala kijiji mji wowote kwa njia ya kitendawili au kwa njia nyingineyo. Kauli ya mtaalamu wetu ilitolewa katika mazingira ya burudani.

Uamuzi kuhusu vituo bado haujafikiwa.

Unaombwa kuwarudisha wananchi katika uelewa sahihi.


17.

Mtendaji Kaniki aliisoma barua hiyo kwa sauti mbele ya ofisi. Alipofika "mazingira ya burudani" watu waligeukiana.

– Burudani?

– Kwani kitendawili ni ngoma?

– Mji umetolewa mchana, mbele ya watu, mbele ya Kaniki na mhuri wake.

– Wanaurudisha?

– Haurudishwi. Aliyewahi kurudishiwa mji nani? Mtaje!

Hakutajwa.

Unaliona kosa lao? Ofisi ilidhani watu hawajui tofauti ya mchezo na ahadi. Waliijua sana. Ila huku kwetu, ahadi za meza kuu watu wamezizoea, wanazisikia wanapiga makofi wanakwenda kulima. Mji wa kitendawili hawajawahi kudhulumiwa.

Jioni hiyo hakuna aliyeomba mabango yake. Mke wa mwalimu aliyafanya kuni.


18.

Habari ilitembea juu ya mataruma ya reli. Kijiji kinachofuata wakasikia. Kinachofuata wakasikia. Mikutano ambayo ilikuwa ya kuku na viti ikaanza kujaa, bibi wakishikwa mikono kuletwa mbele, kila kijiji na mtegaji wake. Wanasema siku hizi mhandisi Rwehumbiza akishuka kwenye kiberenge anasalimiwa "Kitendawili!" naye anaduwaa na kofia mkononi, anaogopa kusema "Tega".

Lakini hata asiposema, habari za vitanda walimpa. Kila alipokwenda walimhesabia vitanda.


19. Reli

Nimelala hapa tangu mkonge ulipokuwa mfalme. Mgongo wangu unaujua uzito wa magunia, wa saruji, wa mafuta, wa ng'ombe waliofungwa. Naujua uzito wa mvua.

Mtu anayerudi kwake, akiwa amechoka, na embe mfukoni kwa ajili ya mtoto,

uzito wake siujui.


20. (Simu)

"Bibi, shikamoo. Ni mimi, Anselmi."

"Marahaba, mwenye miji."

"Bibi, usinitanie, umenitia matatani. Nimeitwa mbele ya wakubwa. Wameniuliza nani kanipa mamlaka ya kugawa vijiji."

"Ukajibuje?"

"Nikasema nilishindwa kitendawili."

"Wakasemaje?"

"Walicheka. Halafu mkubwa mmoja akauliza, kitendawili chenyewe kipi? Nikawategea."

"Wakategua?"

"Hawakutegua, bibi. Nilipowapa jibu, kwamba mwenyewe yuko kazini mjini na hana njia ya kurudi kulala kwake, yule mkubwa alitoka nje na simu yake. Alikaa huko muda. Nadhani alipiga kwao."

Tunu alikuwa anavuta pindo la kanga yake, anataka naye aongee na mtu wa kwenye simu.

"Kuna jambo nakwambia kama mwanao, si kama ofisi," akasema mhandisi. "Jumatatu asubuhi kutakuwa na treni ya majaribio, inatoka mjini inakuja huko. Wakubwa watakuwa dirishani. Wanataka kuona ni wapi kuna watu kweli na wapi kuna kelele tu. Kuna na abiria wachache wamekubaliwa kupanda. Kwakibuyu haimo kwenye orodha ya kusimama."

"Haimo."

"Haimo. Na mimi siahidi kitu tena."

"Hata mji?"

"Hata mji, bibi."


21.

Mwantumu aliamua kwamba Jumatatu kijiji kizima kisimame kando ya reli, kama abiria. Kikwazo kilikuwa genge. Mahali pekee palipo tambarare, ambapo mtu anaweza kusimama aonekane na kushuka asivunjike mguu, ndipo lilipo genge la Mama Nyange.

Mwantumu alikwenda mwenyewe. Safari hii alipiga hodi, ingawa genge halina mlango.

"Shoga."

"Usiniite shoga. Unataka nini?"

"Chai."

Akapewa chai. Akanywa yote. Tangawizi ilikuwa nyingi mno, ya makusudi.

"Mama Nyange," akasema, "upande wa pili wa reli, pale penye mwembe dume, ni nje ya hifadhi. Nimepima na Kaniki. Watu wakishuka watageukia huko, ndiko njia iliko. Wa kwanza watakayemwona ni nani?"

"Sijasema naikubali treni."

"Usiikubali. Sogea tu."

"Sisogei! Nimesema sisogei. Kama mna nguvu, libebeni na mimi ndani!"

Hilo neno hakupaswa kulisema mbele ya wanawake wa Kwakibuyu; wengine walikuwa pale wanamenya machungwa. Walitazamana. Wakafunga kanga viunoni. Mmoja akashika nguzo, mwingine ya pili. Mke wa mwalimu akahesabu, na genge likang'oka ardhini na udongo wake, makuti na yote, na X yake.

Mama Nyange alikataa kutoka. Alishika ubao wa katikati, akatukana kizazi cha kila mmoja kwa jina. Lakini genge lilipoanza kutembea, naye akatembea ndani yake, maana angefanyaje? Kwa mbali ungeona banda la makuti linavuka reli kwa miguu, kama kobe, na sauti ikitoka ndani:

"Polepole huko mbele! Mtamwaga mafuta! Kushoto, mbwa ninyi, kushoto kuna shimo!"

Lilipotuliwa, alitoka, akalizunguka. Akaangalia reli ilipo, akaangalia njia.

"Limepinda," akasema. "Ligeuzeni kidogo. Huku watu watakakotokea."


22. Jumatatu

Walifyeka majani. Walisawazisha kifusi. Mwantumu alileta karai la majivu akayamwaga mstari mmoja mrefu, sambamba na reli, hatua chache kutoka kwenye kokoto, ili watoto wasivuke.

Kijiji kilisimama nyuma ya mstari. Waliokuwa na viatu walivivaa. Mwalimu alivaa tai. Mwenye bodaboda alipanga pikipiki yake kwenye njia, uso kuelekea nyumbani, kama mtu anayengoja abiria. Hakuna bango hata moja. Walikubaliana hivyo: si mkutano huu, hatupigi kelele. Tunasafiri.

Sikudhani alituma ujumbe mfupi alfajiri. Ametoka zamu ya usiku. Amekwenda kuomba kupanda. Kama amekubaliwa au hakukubaliwa, ujumbe haukusema, na tangu hapo simu yake haipatikani.

Tunu alikuwa kiunoni kwa bibi, amevalishwa gauni la Idi.

Honi.

Ikatokea nyuma ya mashamba ya mkonge, nyeupe, fupi, haina mabehewa ya mizigo. Madirisha yake yalikuwa na watu. Inapofika kwenye kona ile kila treni hupunguza mwendo, ndivyo ilivyo tangu zamani.

– Inapunguza!

– Inapunguza kwa ajili ya kona.

– Hapana, tazama, inapunguza zaidi.

– Ni kona, mama, usijidanganye.

– Kona imeshapita!

– Bado, ule mkia uko bado kwenye

Mhandisi alikuwa dirisha la mbele, amevua kofia. Hakupunga mkono. Alikuwa amegeuka anazungumza na mtu nyuma yake, anazungumza upesi sana. Kwenye dirisha la tatu, au la nne, kulikuwa na kitu cheupe, kama sare, au ni jua kwenye kioo.

Watu walianza kusukumana mbele, wakakanyaga majivu.

Mwantumu akamhamisha mtoto kiuno cha pili. Magurudumu yalikuwa yanalia, chuma juu ya chuma, na hakuna hata mmoja pale aliyewahi kuisikia treni ikisimama, akajua kilio kile kina maana gani. Akanyoosha mkono wake ulio wazi, akawageukia watu wake, treni ikiwa mgongoni.

"Rudini nyuma ya mstari," akasema. "Nyuma, nyote. Wapisheni wanaoshuka."